Kamera ya Kaburi la Rubeni

Sehemu ya Saba

Tulimwacha Dorkasi amesimama barazani kwake pale Mgwashi, simu sikioni, jua la saa tisa likimpiga usoni, na binti yake Jesca akimwambia neno ambalo mjane hatarajii kuambiwa.

"Mama, wewe sikuoni. Namwona baba."

Kamera ilikuwa juu ya kichwa chake, imegongomewa kwenye boriti, taa yake ndogo ya kijani inawaka. Dorkasi aliisogelea, akaipungia mkono kama anayefukuza nzi.

"Nimepunga mkono. Umeuona?"

"Sijauona, mama. Baba hajasogea. Amekaa kwenye kigoda, ameinama. Amevaa koti lake."

"Koti gani?"

"Lile la kijivu. Kifungo cha juu kimeshonwa kwa uzi mwekundu."

Dorkasi alishika nguzo ya baraza.

Uzi ule aliushona yeye mwenyewe, asubuhi ya safari ya mwisho ya Rubeni, kwa sababu uzi mweusi ulikuwa umekwisha. Rubeni akavaa koti, akapanda lori lake la viazi, akaliteremsha kuelekea Magoma. Daraja lilikuwa limeliwa na mafuriko. Lori likaenda na maji.

Siku ya nne maiti ikaonekana. Stephano, mdogo wa Rubeni, ndiye aliyekwenda kuitambua. Jeneza lilikuja limepigwa misumari. Maji yamemharibu, alisema, mjane asimtazame. Akaapa mbele ya ukoo kwamba kaka yake amelala na koti lake.

Miezi minane sasa. Kaburi liko hatua kumi kutoka barazani, tuta la udongo na msalaba wa mbao. Jesca, mwalimu huko Singida, alijifungua wiki ile ile ya msiba na hajawahi kuliona. Ndiyo maana kamera ikawekwa: alione kaburi la baba yake kila siku, na Jumamosi hii afuate kwa mbali ibada ya shukrani na kujengewa kaburi.

Jumamosi, saruji. Leo ni Jumatano.

Kama Rubeni hayumo mle chini, Dorkasi ana siku tatu za kujua. Baada ya hapo hakuna mtu wa ukoo ule atakayekubali kaburi livunjwe kwa ajili ya neno la mwanamke.

"Jesca, mwanangu," alisema taratibu, "mimi nimesimama mbele ya kamera. Kaburi liko mbele yangu. Hapa hakuna mtu."

Jesca akaanza kulia.

*

Kabla machozi hayajakauka upande wa pili, njia ya juu ikatoa kishindo cha miguu. Alikuwa Elizabeti, kiongozi wa kwaya, mama mwenye mwili wake, anakuja mbio huku ameinua simu juu kama taa.

"Mama Jesca," alisema akitweta, "keti kwanza."

"Sema nikiwa nimesimama."

"Mumeo anakula kiazi."

Msomaji atauliza, Elizabeti aliyaona wapi hayo. Jumapili iliyopita mwinjilisti alitaka usharika wote uweze kuifuata ibada ya kaburi, hata wagonjwa walioko vitandani. Basi akaichukua ile anwani ya kamera, tarakimu zake zote na nukta zake, akaiandika kwa chaki kwenye ubao wa nyimbo, chini ya wimbo wa kutolea sadaka. Bibi mmoja wa safu ya mbele alifunua kitabu mpaka jalada la mwisho akizitafuta tarakimu hizo, akidhani ni namba ya wimbo. Wenye simu za kupangusa walinakili.

"Wangapi wameona?" Dorkasi aliuliza.

"Uliza wangapi hawajaona. Kule dukani wameizunguka simu moja watu tisa. Wazee wanasema hakutambikiwa, ndiyo maana amerudi. Mwinjilisti amefunga ofisi, anaomba. Mimi nilipoona anatafuna nikasema hapana, nimwahi mwenzangu."

"Anakulaje?"

"Anakula tu, Mama Jesca. Kwa mdomo."

"Nauliza anakulaje. Kimepoa?"

Elizabeti akafikiri. "Cha moto. Anakipuliza kwanza."

Dorkasi aliachia nguzo. Rangi ikamrudia usoni.

"Mzimu haupulizi kiazi," alisema.

Elizabeti alimwangalia, akaiangalia simu, akakaa chini yeye.

*

Mungu si Athumani. Alasiri hiyo hiyo Zakia alikuwa njiani. Zakia ndiye fundi wa kamera wa kutoka Lushoto mjini, dada wa miaka thelathini na kitu, ushungi wake umefungwa imara kwa ajili ya bodaboda, kompyuta mgongoni. Alikuwa anakuja kujaribu sauti kwa ajili ya Jumamosi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Njoo uniambie kifaa chako kimefanya nini."

Zakia alitazama simu ya Elizabeti. Hakupiga yowe wala hakujishika kifua. Alifungua kompyuta juu ya meza ya kuanikia mahindi, akaandika, akasoma, akaandika tena. Kisha akafanya kitu ambacho mafundi hawakipendi.

"Kosa ni langu," alisema.

"Kosa gani?"

"Hii rauta, mama, ichukulie ni karani wa zahanati. Watu wa nje wanafika mlangoni kwake. Mimi nilimpa agizo: yeyote atakayekuja na namba elfu nane themanini, mpeleke chumba cha ishirini, ndimo ilimo kamera ya Mama Jesca. Hivyo ndivyo Jesca anavyoingia kutoka Singida. Bila agizo hilo karani anamfukuza kila mtu."

"Nimekuelewa."

"Umeme ulikatika hapa karibuni?"

"Leo, saa sita mchana."

"Uliporudi, karani akagawa vyumba upya. Anayewahi kuwaka anachukua cha kwanza. Nilitakiwa nimwambie kamera yako haihamishwi chumba hata iweje. Nikasahau. Agizo limebaki lile lile, chumba cha ishirini. Lakini mle kaingia mwingine."

"Nani?"

"Kamera nyingine."

"Nyumba hii ina kamera moja, Zakia."

"Karani anasema mbili. Na ni pacha. Zimetoka kiwanda kimoja, mlango mmoja, kila kitu kimoja. Ingekuwa ya aina nyingine isingeitikia." Akamtazama Dorkasi usoni. "Mama, siku niliyokuuzia yako, kuna mtu alirudi dukani peke yake akanunua ya pili. Alisema ana ng'ombe anakaribia kuzaa, anataka kumwangalia."

"Mtu gani?"

"Shemeji yako. Yule aliyekusindikiza."

Elizabeti alifungua mdomo. Dorkasi akamwahi.

"Stephano hana ng'ombe," alisema.

*

Sasa Dorkasi akasogea kwenye kompyuta, akatazama picha kwa mara ya kwanza. Mpaka hapo alikuwa amewaachia wengine wamtazamie, maana aliogopa.

Mwanamume kwenye kigoda. Sasa amegeukia upande wa pili: mgongo wa koti la kijivu. Kichwa kimeinama, nywele zimeota bila kinyozi. Mwanga ulipenya kwenye mbao ukamkata vipande vipande. Mbele yake, ukuta wa udongo.

Dorkasi hakumtazama sana mtu. Alitazama ukuta.

Wanawake mliowahi kukandika nyumba mtanielewa. Kila mkono una mzunguko wake. Wengi huzungusha udongo kwenda kulia. Dorkasi ni wa mashoto, na udongo wake huzunguka kinyume cha udongo wa wenzake wote. Mama mkwe alikuwa akimcheka kwa hilo: ukuta wako unarudi nyuma kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Ukuta ule ulirudi nyuma.

"Ni ghala la mbegu," alisema. "Lile la juu, penye miti ya miwati. Nilikandika mimi, nina mimba ya Jesca."

Elizabeti akageuza shingo kutazama mlimani. Paa la bati lilionekana kati ya miti, mtu akiita kutoka pale unamsikia.

"Si ndilo Stephano analolifunga?" alinong'ona.

"Tangu wiki ya msiba. Alisema mbegu zimeingia ugonjwa, asiingie mtu."

"Na neno la siri la mtandao wako," Zakia aliuliza, "nani mwingine analo?"

"Jesca. Na Stephano. Alisema anataka apokee ujumbe wa ukoo bila kusumbuka."

Zakia akaguna. "Mama, mtu akiogopa mwizi anaiweka kamera nje. Anayeiweka ndani anamlinda aliyemo asitoke."

"Basi tukavunje," Elizabeti alisema, tayari amejifunga kibwebwe. "Kuna shoka pale."

"Keti, Elizabeti."

"Nikae tena?"

"Hapana. Nenda pale njia panda, wazuie watu wasije huku. Waambie Mama Jesca anaomba. Hutakuwa umesema uongo."

Elizabeti alitaka kubisha, akaona uso wa mwenzake, akaenda.

Dorkasi akamgeukia fundi. "Karani wako anaweza kufunga mlango? Watu wote wa nje watoke, nibaki mimi na yeye?"

"Naweza kufuta lile agizo. Hata Jesca atatoka."

"Afadhali atoke. Nikishajua nitamwambia mwenyewe."

Zakia akabonyeza. Haikupita dakika, simu ikaita.

"Mama, picha imekatika."

"Najua, mwanangu. Mnyonyeshe mtoto. Nitakupigia."

Akakata.

"Kamera hizi zina kipaza," Zakia alisema. "Ukishika kitufe hiki ukasema, atakusikia. Yeye akisema utamsikia. Mama, una hakika? Tunaweza kuita polisi kwanza."

"Kama ni mwizi wa koti, nitaita polisi. Kama ni mume wangu, nataka nimsikie kabla sijashtaki mtu."

Akainamisha kichwa. Sala yake ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kusali. Kisha akashika kitufe, akasalimia Kishambaa, kama alivyomsalimia mtu mmoja kila alasiri kwa miaka ishirini na sita.

"Onga mshi, Baba Jesca."

Kwenye picha, kiazi kilianguka sakafuni.

Yule mtu hakugeuka upesi. Aligeuka kama mlango wenye kutu. Ndevu zilikuwa zimemjaa, mashavu yamezama, macho yameingia ndani. Akatafuta sauti ukutani, kwenye mbao, mpaka macho yake yakatua kwenye kamera.

"Dorkasi," alisema.

Mji mzima humwita Mama Jesca. Jina lake la ubatizo alibaki nalo mtu mmoja tu, na mtu huyo alizikwa.

Zakia alifunika mdomo kwa ushungi. Dorkasi alikuwa ameshika kitufe kwa nguvu hata ukucha ukageuka mweupe.

"Rubeni. Ni wewe, au ni kitu kimevaa sura yako? Sema kwa jina la Yesu."

"Kwa jina la Yesu, ni mimi."

"Umefungwa?"

"Mlango umefungwa kwa nje. Lakini nilikubali kufungwa." Akajifuta mdomo kwa mkono wa koti. "Umejuaje? Nani mwingine anasikia?"

"Mimi na fundi. Toka. Nakuja kuvunja kufuli."

"Usije."

"Nini?"

"Usije, Dorkasi. Acha Jumamosi ipite. Saruji imwagwe. Baada ya hapo Stephano atanivusha mpaka, niende mbali. Wewe ubaki na shamba lako na heshima yako. Mjane anaheshimiwa. Mke wa mfungwa haheshimiwi."

"Mfungwa kwa kosa gani?"

Rubeni aliinama. Walimwona utosi tu, nywele zimeingia mvi ambazo Dorkasi hakuzijua.

"Watu waliniambia daraja halipitiki. Mzee mmoja alisimama mbele ya lori akanipungia kanzu. Na yeye aliniambia, bosi, tulale huku, tutavuka asubuhi. Nikamcheka. Nikamwambia akiogopa ateremke atembee. Hakuteremka. Mimi nilitupwa nje, nikashika mti. Yeye alikuwa upande wa maji."

Yeye.

Miezi minane watu walikuwa wamemsema mtu mmoja vibaya kuhusu msiba ule. Mbwana, utingo wa lori, kijana wa Magoma mcheshi aliyependa uji wa Dorkasi. Ilisemekana aliruka lori lilipoyumba, akatoroka kwa woga, akamwacha bosi wake afe peke yake. Hata mazishini hakuonekana. Dorkasi alikuwa amemtaja kila asubuhi katika maombi, akimwomba Mungu amsamehe kijana yule kwa kutoroka.

"Rubeni," alisema, na sauti yake haikuwa kubwa. "Pale kaburini nimemzika nani?"

Rubeni aligeuzia uso ukutani.

"Nimepalilia juu yake. Nimemwekea maua kila Jumapili. Nimemwambia mambo ambayo sikumwambia hata mama yangu. Niambie ni nani."

"Stephano ndiye aliyeitambua maiti. Alikuta haina uso wa kutambulika. Akaona ni njia ya kuniokoa. Mimi nilikuwa najificha, Dorkasi, nina homa, nisingeweza…"

"Jina."

"Mbwana," alisema Rubeni. "Ana mke, Mwanaidi. Alikuwa na mimba. Stephano anasema mpaka sasa anaulizia stendi ya Magoma kila lori la Mgwashi likiteremka."

Zakia alikuwa amekaa chini, mgongo umeegemea ukuta. "Inna lillahi," alisema polepole, akaimalizia yote kwa midomo bila sauti. Kisha akainua macho, akautazama ule msalaba wa mbao.

Dorkasi naye aliutazama.

Kwenye picha Rubeni alishtuka, akageukia mlango wake. Hapakuwa na mtu mlangoni pake. Alikuwa amesikia kupitia kile kipaza, maana Dorkasi bado ameshika kitufe, sauti iliyotoka uani kwa Dorkasi.

"Hodi hapa. Shemeji, upo?"

*

Zakia alifunga kompyuta.

Stephano alikuja kutoka upande wa migomba, amekunja suruali, koleo begani. Nyuma yake vibarua wawili, kila mmoja na mfuko wa saruji kichwani, wa tatu na ndoo za maji. Alikuwa anatabasamu, lakini macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye boriti, kwenye kamera, kisha kwa Zakia.

"Naona fundi amewahi," alisema. "Habari za Lushoto, dada?"

"Nzuri," alisema Zakia.

"Na yule ng'ombe wako," Dorkasi alimuuliza, "amezaa?"

Stephano alicheka kidogo, akahamisha koleo kwenye bega la pili. "Ng'ombe gani tena, shemeji? Mimi nimekuja kwa jambo lingine. Kule dukani watu wamechanganyikiwa, wanaona mizimu kwenye simu. Nimekaa na wazee wawili, tumeona tusingoje Jumamosi. Tufunike leo. Mchungaji atakuja kubariki saruji ikiwa imekauka. Marehemu akishatulizwa, na watu watatulia."

"Wazee gani wawili?"

"Wazee tu, shemeji. Vijana, tueni mifuko pale. Anzeni kichwani."

Vibarua wakaenda. Mfuko wa kwanza ukatua karibu na msalaba, ukatoa vumbi la kijivu.

Dorkasi alishuka ngazi za baraza. Hakukimbia. Alipita katikati ya wale wanaume kama mtu anayepita sokoni, akafika kwenye tuta, akaing'oa ile chupa ya maua ya Jumapili, akaiweka pembeni. Kisha akajikusanyia kanga magotini, akakaa juu ya kaburi.

Milimani kwetu kaburi halikaliwi. Hata mtoto akiliruka kwa bahati mbaya hurudishwa aombe radhi. Kibarua mwenye mfuko wa pili aliuachia, ukapasuka miguuni pake, naye hakutazama chini.

"Shemeji," Stephano alisema, sasa bila tabasamu. "Huzuni imekuzidi. Inuka hapo. Umemkalia mumeo mbele za watu."

"Mwaga saruji," alisema Dorkasi. "Nimekaa."

"Mama Jesca, usinitie aibu."

Dorkasi alilaza kiganja chake cha kushoto juu ya udongo, taratibu, kama unavyolazwa mkono juu ya paji la mgonjwa. Njia panda kule juu sauti ya Elizabeti ilisikika ikibishana na watu, na watu walikuwa wengi, nao walikuwa wanakuja.

"Zakia, binti yangu," aliita, bila kuondoa macho kwa shemeji yake. "Sogea hapa uniambie. Nyinyi Waislamu mkimzika mtu wenu, mnamlaza uso wake unatazama wapi?"

Koleo likamteleza Stephano begani, likaanguka.